Skroli isiyoisha na bidhaa zisizoonekana Google: dalili, chanzo na tiba

Malalamiko huja kwa sura tofauti. Huyu anasema kundi lake la viatu lina bidhaa 600 lakini Google inazijua 40 tu. Yule anasema kila alfajiri seva inazidiwa na roboti (programu zinazozunguka kusoma kurasa) zinazofungua anwani ambazo hakuziunda yeye. Mwingine alibadilisha mwonekano wa duka, kurasa za namba zikaondoka, na baada ya wiki kadhaa wageni wa kutoka kwenye utafutaji wakaanza kupungua bila kelele. Ukichimba, mara nyingi unakuta mzizi ni uleule: namna duka linavyoikata orodha ndefu ya bidhaa vipande vipande.

Kabla ya kushika chochote, elewa jambo moja. Roboti haina kidole. Googlebot, roboti ya Google, hufungua ukurasa wako kwa Chrome isiyo na skrini, na tangu Mei 2019 Chrome hiyo husasishwa mara kwa mara, kwa hiyo JavaScript ya kisasa inaendeshwa vizuri. Lakini haiskroli na haibofyi. Inachofanya ni kurefusha dirisha lake, kama mtu aliyeshika simu ndefu kupita kiasi, kisha inasoma kilichojitokeza na kukusanya viungo vyenye `<a href>`. Ikimaliza, inaondoka. Haitunzi vidakuzi (cookies) wala haikumbuki ilichokiona kwenye ukurasa uliotangulia.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: sina ugomvi na skroli isiyoisha, ile inayoongeza bidhaa kadiri mteja anavyoshuka. Ugomvi wangu ni na skroli iliyojengwa hewani, isiyo na kurasa chini yake. Kila furushi la bidhaa linatakiwa liwe na anwani yake, na anwani hiyo iwe na kiungo cha kweli kinachoifikia. Ukishakuwa na hivyo viwili, skroli ni pambo tu juu ya nyumba iliyokwisha simama. Google ilitoa ushauri wa namna hiyohiyo Februari 2014, na miaka yote hii bado nafungua maduka mapya yenye kosa lilelile.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Havihitaji fundi. Vifanye kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini. Katika mifano nitaandika `?ukurasa=2`; kwenye duka lako huenda ni `?page=2` au `/page/2/`.

Kwanza, zima JavaScript kwenye kivinjari na ufungue kundi lenye bidhaa nyingi. Shuka mpaka chini. Je, kuna kiungo cha kwenda ukurasa wa pili? Kikikosekana hapa, Googlebot huenda bado inakiona kwa sababu yenyewe inaendesha JavaScript, lakini roboti nyingine nyingi haziiendeshi, au huiendesha kwa kusuasua.

Pili, fungua dirisha la siri na uandike anwani ya ukurasa wa tano kwa mkono. Umepata bidhaa za ukurasa wa tano, au umerudishwa mwanzo?

Tatu, ingia Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, kagua anwani ya kundi lako kwa jaribio la moja kwa moja, kisha tazama msimbo wa ukurasa uliokamilika kuchorwa, yaani baada ya JavaScript kumaliza kazi. Tafuta ndani yake jina la bidhaa ambayo unajua iko mbali, tuseme ya 100. Halafu tafuta `ukurasa=2`.

Usihesabu bidhaa zako kwa kuandika `site:` kwenye kisanduku cha Google. Namba inayotokea ni ya kukadiria, na hupanda na kushuka hata kama hujagusa kitu. Nimeona watu wakikosa usingizi kwa sababu ya namba hiyo.

## Dalili ya 1: Google inajua bidhaa za juu tu za kila kundi

Hii ndiyo inayoongoza. Unaitambua hivi: bidhaa 20 au 40 za mwanzo wa kila kundi zimo kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi), zilizo chini yake hazimo, au zimo chache zilizobahatika kutajwa kwenye ukurasa wa mbele.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida kuliko vyote: kitufe kimevaa nguo za kiungo. Mtu anaona "Onyesha zaidi" chini ya orodha na kuridhika kwamba njia ipo. Bofya kulia, chagua kukagua, utazame kilicho nyuma yake. Mara nyingi ni hiki:

`<button onclick="pakiaZaidi()">Onyesha zaidi</button>`

Kwa roboti huo ni ukuta. Ndugu zake ni `<a>` isiyo na `href`, `<a href="#">`, `<a href="javascript:void(0)">` na `<span>` iliyopakwa rangi ya kiungo. Zote kwa macho ni kiungo; kwa roboti hazielekei popote. Tiba:

`<a href="/viatu?ukurasa=2" id="zaidi">Onyesha zaidi</a>`

JavaScript yako inaendelea kudaka mbofyo wa mteja na kuongeza bidhaa papo hapo bila kuhama ukurasa, kama zamani. Mteja haoni tofauti. Roboti inasoma `href` na kwenda zake ukurasa wa pili, ambako inakuta kiungo cha wa tatu. Mara nyingi marekebisho yote ni mstari huu mmoja kwenye faili la mwonekano, pamoja na seva inayojua kuujibu.

Chanzo cha pili: bidhaa zinasubiri mtu askroli. Msimbo unasikiliza tukio la kuskroli, na tukio hilo kwa roboti halitokei kamwe. Ukibadilisha utumie `IntersectionObserver`, ambayo hutazama kama kitu kimeingia ndani ya dirisha, mambo yanakuwa nafuu kidogo kwa sababu lile dirisha refu la Googlebot litaamsha furushi la pili, pengine na la tatu.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Wanaendesha jaribio la Search Console, wanaona bidhaa 72 badala ya 24, wanashangilia kwamba Google inaskroli. Haijaskroli. Dirisha limeisha pale, na bidhaa 528 zilizobaki bado ziko gizani. Kwa hiyo ukitafuta bidhaa kwenye jaribio, chagua ya mwisho kabisa, usichague ya 50.

Chanzo cha tatu: mlango wa data umefungwa. Skroli huchota bidhaa kutoka anwani ya pembeni, labda `/api/bidhaa`, na faili la `robots.txt`, linaloziambia roboti wapi zisiingie, limepiga marufuku `/api/`. Mteja anaona kila kitu. Roboti inachora ukurasa mtupu kwa sababu imekatazwa kuchota. Jaribio la moja kwa moja la Search Console lina orodha ya rasilimali zilizoshindikana kupakiwa, na hapo utaiona imetajwa kwa jina. Ondoa katazo kwa anwani zile tu ambazo ukurasa unazihitaji ili ujichore.

Chanzo cha nne: picha na majina yanachelewa. Kama kila kadi ya bidhaa inajazwa baada ya JavaScript kumaliza kazi ndefu, uchoraji unaweza kukamilika kadi zikiwa bado za kijivu. Ni nadra kuliko hivyo vitatu. Weka jina na kiungo cha bidhaa kwenye HTML ya kwanza, picha ziachie `loading="lazy"`.

Ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya anwani zako) je? Iweke, bila shaka. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa. Lakini haichukui nafasi ya viungo. Ramani inaiambia Google kwamba bidhaa ipo; kiungo ndani ya kundi kinaiambia inahusu nini na ina uzito gani mbele ya wenzake. Bidhaa inayoishi kwenye ramani peke yake ni yatima, na mara nyingi huishia kwenye lile fungu la Search Console la anwani zilizogunduliwa lakini hazijatambazwa, yaani Google haijazifungua.

Kidokezo kimoja ambacho kimenisaidia mara nyingi: gawa ramani kwa makundi, moja ya viatu, moja ya mikoba, moja ya saa. Ripoti ya kurasa ya Search Console inakuruhusu kuchuja kwa ramani, kwa hiyo unaona kundi gani linaumwa badala ya kutazama duka zima kama fungu moja la takwimu.

Simama uite fundi iwapo duka lote limejengwa kuchorwa upande wa mteja, ndani ya kivinjari chake, yaani ukitazama chanzo cha ukurasa unakuta `<div>` moja tupu na mafaili ya JavaScript. Kuhamishia uchoraji upande wa seva ni kazi ya mtu anayeujua mfumo wako, na ukijaribu kuiunganisha kwa viraka utavunja kikapu na malipo.

## Dalili ya 2: Kurasa za namba zipo, lakini bidhaa za ndani bado hazifikiwi

Kipimo cha pili kimefaulu, ukurasa wa tano unafunguka vizuri, na bado hali haibadiliki. Tazama chanzo cha ukurasa wa pili, sehemu ya `<head>`, ukiwa na mambo haya mawili kichwani.

La kwanza ni lebo ya kanoniki, ile inayotaja anwani iliyo asili, ikielekeza ukurasa wa kwanza. Watu huiweka kwa nia njema, wakiogopa maudhui yanayojirudia. Lakini ukurasa wa pili si nakala ya wa kwanza; una bidhaa nyingine kabisa. Ukiiambia Google kwamba asili yake ni ukurasa wa kwanza, unaiambia ipuuze huo wa pili pamoja na vyote vilivyomo. Kila ukurasa ujitaje wenyewe: `/viatu?ukurasa=2` iwe na kanoniki ya `/viatu?ukurasa=2`. Isipokuwa `?ukurasa=1`, ambayo ni ileile `/viatu`; hiyo iielekeze upya kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu.

La pili ni `noindex` kuanzia ukurasa wa pili na kuendelea. Wakati fulani ushauri huo ulikuwa kila mahali: zuia kuingizwa kwenye faharasa, ruhusu viungo vifuatwe. Tatizo ni kwamba ukurasa ukikaa na `noindex` muda mrefu, Google hatimaye huacha kuuchukulia kama chanzo cha viungo. Njia unayodhani iko wazi inajifunga polepole, ndiyo maana dalili zake huchukua miezi kujitokeza na hakuna anayekumbuka nani aliiweka.

Vikiwa salama hivyo viwili, fungua `robots.txt`. Nina kovu langu hapa. Niliwahi kuandika mstari huu kwenye duka la mtu ili kuzuia vichujio vya rangi, saizi na kadhalika:

`Disallow: /*?`

Ulizuia vichujio, kweli. Ulizuia na `?ukurasa=2`, `?ukurasa=3` na kila kilichokuwa na alama ya kuuliza. Tuliligundua jambo hilo kwa bahati, mwenye duka alipouliza kwa nini bidhaa mpya hazitokei hata wiki tatu baada ya kuziweka. Tangu siku hiyo sizuii alama ya kuuliza. Nazuia jina la kigezo ninachokitaka (neno kabla ya `=`, kama `ukurasa`), moja moja.

Halafu kuna alama ya reli. Kama namba ya ukurasa inakaa baada ya `#`, mfano `/viatu#ukurasa=2`, Google hukata kila kitu kuanzia alama hiyo. Kurasa zako 25 zote kwake ni anwani moja. Hamishia namba kwenye kigezo au kwenye njia.

Vidakuzi nitavitaja kwa ufupi: mifumo mingine hukumbuka ukurasa uliopo kwa kikao cha mteja, si kwa anwani. Dirisha la siri litakuonyesha.

Cha mwisho, na hakikutarajiwa na wengi, ni kina. Chukua bidhaa 600, 24 kwa ukurasa: kurasa 25. Kama njia pekee ni kiungo cha "ukurasa unaofuata", bidhaa ya mwisho iko hatua 24 kutoka mlangoni mwa kundi. Roboti hufika, lakini kwa kuchelewa, na hurudi kwa nadra. Ongeza viungo vya namba, vikiwamo vya ukurasa wa kwanza, wa mwisho na majirani wawili au watatu kila upande. Ukiweka 48 kwa ukurasa zinabaki kurasa 13. Dawa bora zaidi, ikiwa bidhaa zinaruhusu, ni makundi madogo: viatu vya michezo, vya mvua, vya watoto. Humsaidia na mnunuzi, na hakuna mtu anayependa kupekua viatu 600 kwenye rundo moja.

Kuhusu `rel="next"` na `rel="prev"`: bado nakutana na watu wanaoziongeza kama dawa ya haya yote. Google ilitangaza Machi 2019 kwamba haizitumii tena kwa faharasa. Zikiwapo ziache, hazina madhara. Usitegemee zikuokoe. Na usihangaike kubuni kichwa tofauti kwa kila ukurasa wa mfululizo. Google yenyewe inasema kurasa za mfululizo mmoja zinaweza kubeba kichwa na maelezo yaleyale.

## Dalili ya 3: Roboti inashambulia seva na kutambaa takataka

Kinyume cha dalili ya kwanza. Hapa anwani hazipungui, zinafurika. Soma kumbukumbu za seva, faili linaloandika kila anwani iliyofunguliwa, kabla ya kubahatisha:

`grep "Googlebot" access.log | grep "viatu" | tail -50`

Ukiona mistari kama `GET /viatu?rangi=nyeusi&ukubwa=42&panga=bei&ukurasa=7` ikifuatana kwa mamia, umempata. Vichujio ndio mtuhumiwa wa kwanza, karibu kila mara. Piga hesabu: rangi 10, saizi 12, chapa 8, namna 4 za kupanga. Hiyo ni michanganyiko 3,840 kwa kundi moja, kabla hujazidisha kwa kurasa na kabla mteja hajachagua rangi mbili kwa pamoja. Kila mchanganyiko ukiwa na `<a href>` yake, roboti itajaribu kuupitia.

Amua vichujio gani vinastahili kuwa ukurasa. "Viatu vyeusi" watu wanavitafuta. Vipe anwani safi. "Viatu vyeusi saizi 42 kwa mpangilio wa bei kuanzia ya chini" hakuna anayeandika hivyo. Hivyo vizuie kwa jina la kigezo, mfano `Disallow: /*panga=`, na upangaji ufanye kwa JavaScript bila kuzalisha kiungo. Zamani Search Console ilikuwa na chombo cha kuiambia Google ivichukulieje vigezo. Kiliondolewa mwaka 2022, kwa hiyo mwongozo wowote unaokutuma huko umepitwa na wakati.

Onyo: usiweke `noindex` kwenye ukurasa kisha ukauzuia huohuo kwa `robots.txt`. Roboti iliyokatazwa kuingia haiwezi kusoma ujumbe ulioubandika ndani. Kama takataka zimeshaingia kwenye faharasa, ziache wazi zikiwa na `noindex` mpaka zitoke, halafu ndipo ufunge mlango.

Mtuhumiwa wa pili ni kurasa zisizo na ukomo. Andika `?ukurasa=9999`. Ukipata "Hakuna bidhaa" lakini seva imejibu 200 (ukurasa upo), na chini kuna kiungo cha ukurasa wa 10000, umejenga shimo lisilo na sakafu. Ukurasa uliopita mwisho wa orodha ujibu 404 (haupo), na kiungo cha "unaofuata" kisitokee kwenye ukurasa wa mwisho. Jaribu pia `?ukurasa=0` na `?ukurasa=-1`; nimeona seva zikianguka kwa hiyo ya pili.

Baada ya hapo angalia namba za vikao (alama ya kila ziara) ndani ya anwani, ambazo zinampa kila mgeni duka jipya machoni pa roboti.

Je, unahitaji kujali bajeti ya utambazaji, yaani kiasi cha kurasa ambacho Google iko tayari kufungua kwenye tovuti yako? Google inalielekeza somo hilo kwa tovuti zenye kurasa zaidi ya milioni 1 zinazobadilika takribani kila wiki, au zaidi ya 10,000 zinazobadilika kila siku. Duka la bidhaa 800 haliko huko, ila vichujio vinaweza kulifikisha bila mwenyewe kujua.

Simama kabla ya kuifungia nje anwani ya IP inayojiita Googlebot. Jina hilo yeyote anaweza kujipachika. Tafuta jina la mwenyeji la IP hiyo: linapaswa kuishia na `googlebot.com` au `google.com`, kisha jina hilo ukiligeuza tena lirudi kwenye IP ileile. Isipolingana, ni mwizi wa bei au roboti nyingine, mfungie. Ikilingana na seva bado inatoa makosa ya 500 (seva imeshindwa) mfululizo, ita msimamizi wa seva siku hiyohiyo, maana Google ikikutana na makosa hayo hupunguza kasi ya kuja, na yasipokoma huanza kuziondoa kurasa.

## Dalili ya 4: Bidhaa zinajirudia ukurasa hadi ukurasa, nyingine hazitokei kabisa

Dalili hii huripotiwa kama kichekesho, "kiatu kimoja nimekiona mara tatu", lakini kile kilichojirudia kimechukua nafasi ya kingine.

Sababu ya kawaida ni mpangilio wenye sare. Umepanga kwa bei, na bidhaa 60 zina bei moja. Hifadhidata haina wajibu wa kuzitoa sare hizo kwa mfuatano uleule kila inapoulizwa. Swali la ukurasa wa kwanza linazipanga hivi, la ukurasa wa pili vile, na baadhi zinadondoka katikati. Tiba ni maneno mawili: `ORDER BY bei, id`. Kitambulisho kinavunja sare na mpangilio unatulia.

Baada ya hiyo, orodha inayosogea. Ukurasa wa kwanza una bidhaa ya 1 hadi ya 24. Roboti inapousoma, bidhaa moja inaisha na mfumo unaificha. Iliyokuwa ya 25 sasa ni ya 24, imehamia ukurasa wa kwanza ambao roboti imeshaupita. Ikifungua ukurasa wa pili inaanzia iliyokuwa ya 26. Ile ya 25 haikuonekana na yeyote. Kinyume chake, bidhaa mpya ikiwekwa juu, ya 24 inasukumwa chini na kutokea mara ya pili.

Usizifiche bidhaa zilizoisha kwa dakika. Zisogeze mwisho wa orodha mara moja kwa siku. Kwa skroli ya mteja, fundi anaweza kutumia alama ya mahali, yaani kuomba "24 zinazofuata baada ya bidhaa hii" badala ya "kuanzia ya 25". Anwani za roboti ziache na namba.

Mpangilio wa nasibu, ule wa kuchanganya bidhaa kila ukurasa unapofunguliwa ili duka lionekane jipya, uondoe tu kwenye makundi. Hauna tiba.

## Dalili ya 5: Mteja akibonyeza kurudi anajikuta juu kabisa

Ameskroli mpaka bidhaa ya 180, amefungua moja, amerudi, orodha imeanza upya. Chanzo ni kwamba anwani haikubadilika wakati anashuka. Kila furushi jipya linapoingia machoni, msimbo ubadilishe anwani kwa `history.replaceState` iwe `?ukurasa=8`, na seva iweze kufungua ukurasa wa 8 moja kwa moja. Usitumie `pushState` kwa kila furushi, la sivyo mteja atabonyeza kurudi mara nane ndipo atoke kwenye kundi.

Dalili pacha: sehemu ya chini ya ukurasa, penye mawasiliano na masharti ya kurudisha bidhaa, inakimbia kila mtu anapoikaribia. Pakia mafurushi mawili au matatu yenyewe, halafu simamisha na uweke kile kiungo cha "Onyesha zaidi". Google nayo iliweka skroli endelevu kwenye matokeo yake, simu mwaka 2021 na kompyuta 2022, na mwaka 2024 ikaanza kuiondoa. Kwa duka, mchanganyiko wa skroli fupi na kiungo ndio ninaoupendekeza karibu kila mara.

## Dalili ya 6: Utafutaji unaonyesha ukurasa wa 7 badala ya wa kwanza

Ikitokea kwa neno moja moja, iache. Pengine bidhaa inayotafutwa iko huko. Ikiwa ni kwa jina la kundi lenyewe, tazama viungo vya ndani: menyu, njia ya kurudi juu, mabango. Vyote vielekee `/viatu` tupu. Na maelezo ya utangulizi wa kundi yakae ukurasa wa kwanza tu. Yakinakiliwa kwenye kurasa zote 25, Google haina sababu ya kuuona wa kwanza kuwa ndio mkubwa.

## Dalili ya 7: Wageni walipungua baada ya kuhamia skroli

Usirudishe kila kitu nyuma kwa hofu. Chukua orodha ya anwani za zamani kutoka kwenye kumbukumbu za seva au nakala ya ramani, ufungue kumi kwa mkono. Zikijibu 404, rudisha anwani hizo zifanye kazi kwa muundo uleule wa zamani, skroli ibaki juu yake. Zikielekezwa zote kwenye ukurasa wa mbele, ni kosa lilelile lililovaa koti. Google huuchukulia uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa usiokuwepo.

Ita mtaalamu, na uache kugusa, ukikutana na mojawapo ya haya: anwani zaidi ya mia chache zinazohitaji kuelekezwa upya kwa kanuni, ujumbe wa adhabu iliyotolewa na mkaguzi wa Google (manual action) ndani ya Search Console, au kurasa za bidhaa usizouza zikitokea chini ya jina lako kwenye utafutaji. Hiyo ya mwisho si suala la skroli. Umeingiliwa.

Ukimaliza kurekebisha, usiombe kila ukurasa uingizwe kwa mkono. Omba ukurasa wa kwanza wa makundi mawili au matatu, halafu rudi kwenye kumbukumbu za seva kila asubuhi. Utaona `ukurasa=2`, siku nyingine `ukurasa=3` na `4`. Siku utakapoona mstari wa Googlebot wenye namba ya ukurasa wako wa mwisho na 200 pembeni yake, upande wa njia umeisha. Kinachobaki ni kurasa za bidhaa zenyewe.